Mwalimu Mgeni na Jembe la Siku ya Tatu

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe." Shuleni methali hii hatuifuati sawasawa. Mwalimu mgeni hufika Jumatatu, na Jumanne asubuhi amekwisha kupewa jembe lake, yaani chaki, kitabu na darasa lililojaa watoto. Hata siku mbili za ugeni hazipati. Basi nataka kueleza jinsi mwalimu mpya anavyosaidiwa na shule mpaka akakomaa, na kwa nini jambo hilo latuhusu sisi wanafunzi na wazazi wetu, wala si la walimu peke yao.

Watu wengi hudhani kwamba mwalimu hutoka chuoni amekamilika, kama mkate utokao tanuri. Sivyo. Chuoni hufundishwa somo lake na namna ya kulifundisha, kisha hupelekwa katika mazoezi kwa majuma machache. Serikali yenyewe inajua kwamba hayo hayatoshi, maana mtumishi mpya huwekwa kwanza katika majaribio ya miezi 12 kabla ya kuthibitishwa kazini. Mwaka huo wa kwanza ndio umfanyao mtu kuwa mwalimu, au umfanyao kutamani kazi nyingine.

Tutazame mambo yanayomngoja. Shule yetu iko hapa Boko, kando ya barabara ya Bagamoyo, kati ya Tegeta na Bunju. Kijana aliyepangiwa kuja hapa huenda ametoka Kigoma au Songea, wala hana ndugu mjini. Yampasa kutafuta chumba, na wenye nyumba wa Dar es Salaam hutaka kodi ya miezi kadhaa mbele, naye mshahara wa kwanza bado hajauona. Tena ana azimio la kazi, andalio la somo na shajara ya kujaza. Zaidi ya hayo kuna lugha. Sisi tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na huku sekondari twafundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu aweza kueleza jambo kwa usahihi kabisa, na darasa zima likamtazama kama ukuta.

Nchi yetu imepata kuujaribu ulezi wa walimu kwa njia mbalimbali. Mwezi Novemba 1974, mkutano wa TANU huko Musoma uliamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto aliyefikia umri apate elimu ya msingi. Walimu wangetoka wapi? Vyuo vilikuwa vichache. Ndipo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakalelewa huko huko vijijini. Walifundisha saa chache kwa siku, na saa zilizobaki wakasomeshwa wao wenyewe, kwa masomo ya posta, kwa redio na kwa msaada wa walimu wazoefu, na mwisho wakaingia chuoni kwa muda mfupi. Zaidi ya 35,000 walifuzu kwa njia hiyo. Mpango ule ulilaumiwa kwamba ulishusha kiwango cha elimu, na lawama hiyo haikukosa sababu. Lakini ulikuwa na wazo moja jema: kijana aendelee kujifunza huku anafundisha, na awepo mtu wa kumwongoza.

Shule za sekondari za kata zilipoongezeka kwa wingi baada ya 2005, vijana waliotoka kidato cha sita walipewa mafunzo ya majuma machache, wakatumwa madarasani. Watu wakawabandika jina la "voda fasta", kwa mfano wa muda wa maongezi uingiao upesi katika simu. Lilikuwa jina la kejeli. Mimi naona kwamba haikufaa kumcheka kijana aliyekubali kwenda mahali palipokosa mwalimu.

Nalisema hili kwa sababu nimepata kucheka. Tulipokuwa kidato cha tatu alikuja mwalimu mpya wa hesabu. Sauti yake ilikuwa ndogo, na alipogeuka kuandika ubaoni mkono ulimtetemeka. Viti vya nyuma tulimwiga. Siku ya nne alikosea ishara ya kutoa katika mlinganyo, darasa likapiga kelele mpaka mwalimu wa zamu akaja. Tulijiona mashujaa. Lakini jioni, wakati wa kujisomea, hapana hata mmoja wetu aliyeweza kukokotoa hesabu ile. Tulikuwa tumejinyima wenyewe.

Baada ya hapo mkuu wa idara, mwalimu wa miaka mingi, akaja kukaa nyuma ya darasa na daftari. Hakumkatiza mwenzake hata mara moja. Vipindi vilipokwisha tuliwaona wawili hao chini ya mwembe, wanazungumza na kuchora katika mchanga kwa kijiti. Kisha mambo yakageuzwa: mkubwa akafundisha, na mgeni akakaa nyuma kutazama. Kwa muda wa mwezi mmoja hivi walifanya vile. Taratibu sauti ya mwalimu wetu ikapata nguvu. Siku moja alikosea tena, akajishika kiuno, akatuuliza, "Nani ameliona kosa langu?" Tukalitafuta pamoja. Tangu siku hiyo hatukumwiga tena, na leo ndiye tunayemtegemea kwa mtihani wetu wa mwisho.

Jambo lile lililotendeka chini ya mwembe sasa lina mpango wake wa nchi nzima, uitwao Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, kwa kifupi MEWAKA. Taasisi ya Elimu Tanzania huandaa moduli, na walimu wa shule moja hukutana katika jumuiya ya ujifunzaji. Mmoja hutaja mada inayomshinda, wote wakaijadili, mmoja akaifundisha, na wenzake wakamweleza walichokiona. Walimu wa shule za jirani nao huweza kukutana katika Kituo cha Walimu. Faida yake kubwa ni hii: mwalimu haoni haya kusema "sijui", kwa kuwa hata mkongwe amesema hivyo mbele yake.

Je, sisi wengine tufanye nini? Wanafunzi yatupasa kumpa mwalimu mgeni masikio kabla ya kumpa jina la utani, na kumwambia kwa adabu tunapokuwa hatukuelewa, badala ya kuitikia "ndiyo" sote kwa pamoja. Viranja wamwonyeshe desturi za shule. Na wazazi mlio wenyeji wa Boko, mkimjulisha mwalimu chumba cha bei nafuu, au mkikubali kodi ya mwezi mmoja mmoja mpaka mshahara wake utoke, mtakuwa mmesaidia hesabu za watoto wenu kuliko mnavyofikiri.

Jembe hapana budi apewe, maana kazi ni nyingi. Lakini mwenyeji mwema humpa mgeni jembe, kisha akashika lake na kulima kando yake, mpaka mgeni aujue udongo wa shamba lile.