Mwimbaji Hajachelewa

Msomaji mmoja anayeishi Fordsburg, Johannesburg, jirani na Oriental Plaza, ametuletea swali. Anarekodi kaswida peke yake kwenye kompyuta: dufu kwanza, kisha sauti, kisha kiitikio. Wakati wa kuimba anasikia kila kitu kimekaa sawa. Akirudi kusikiliza, sauti iko nyuma ya dufu, na kiitikio kiko nyuma zaidi, maana kilifuata sauti ambayo tayari ilikuwa nyuma. Anauliza kama hajui kushika mapigo.

Anajua. Kompyuta ndiyo iliyoandika saa isiyo sahihi.

Habari za sampuli ni nini nitaziruka, zinachosha. Shika tu kwamba kadi ya sauti hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo ni sampuli moja. Utamu uko kwenye safari ya hizo sampuli. Kompyuta haizipokei moja moja. Inazikusanya mahali zikajaa, ndipo inazichukua kwa pamoja. Mafundi wanapaita bafa. Mimi nitapaita subirio, mpaka BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, watuletee neno zuri zaidi.

Anayepanda teksi za Johannesburg analijua subirio bila kufundishwa. Teksi haiondoki stendi mpaka ijae. Abiria wa kwanza anakaa dirishani akingoja wa mwisho, na hata kama barabara ni nyeupe, kungoja kumeshamla muda. Ukileta teksi ndogo ya abiria 64, inajaa upesi, lakini dereva atalazimika kwenda safari karibu 689 kwa sekunde. Ukileta basi la abiria 512, atakwenda safari 86 tu, apumue, ila kila abiria atakuwa amengoja hadi milisekunde 11.6. Na dereva akielemewa na teksi ndogo, akachelewa kurudi stendi, abiria wa zamu hiyo wanaachwa njiani: hapo ndipo unaposikia ile mikwaruzo na sauti kukatika katikati ya wimbo. Halafu kuna teksi mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Dufu linapanda ya kwanza kutoka kwenye diski hadi hedifoni. Mwimbaji analisikia likiwa limeshachelewa, anaimba nalo sambamba kabisa, na sauti yake inapanda teksi ya pili kutoka maikrofoni hadi kwenye diski. Mabasi mawili ya 512 yanakula milisekunde 23, na kadi yenyewe inaongeza chache zake. Sauti hewani ingekwenda karibu mita nane kwa muda huo.

Kompyuta haikulianzisha tatizo hili. Mashine za utepe zilikuwa na kichwa cha kurekodi na kichwa cha kuchezea, vimeachana. Vikiachana sentimita 4, na utepe ukienda sentimita 38 kwa sekunde, anayesikiliza kichwa kimoja na kurekodi kwa kingine anabaki nyuma zaidi ya moja ya kumi ya sekunde. Miaka ya 1950 wahandisi wa kampuni ya Ampex walikifanya kichwa cha kurekodi kicheze pia traki za zamani, pengo likafutika. Waliuita ujanja huo Sel-Sync, na mpiga gitaa Les Paul akapata mashine yake ya traki nane mwaka 1957. Kwa utepe wa traki nyingi namna hiyo, mwimbaji Paul Simon aliweza kurekodi midundo ya albamu yake Graceland katika studio ya Ovation, Johannesburg, mwaka 1985, kisha akaenda kuongeza sauti New York.

Kwenye kompyuta pengo halifutiki, lakini likijulikana halidhuru: programu inaiwahisha traki mpya kwa kiasi kilekile. Ugonjwa wa ndugu yetu wa Fordsburg ni kwamba programu yake imeambiwa namba ya uongo. Audacity, kwa mfano, imezoeleka kuja na milisekunde -130, namba ya kukisia isiyoijua kadi yako.

Kwa hiyo ipime. Punguza sauti, chukua waya, unganisha tundu la kutoa sauti la kadi na tundu lake la kuingiza. Weka namba hiyo ya programu, yaani fidia ya kuchelewa, kuwa sifuri. Tengeneza traki ya mlio mkali, irekodi upya kupitia waya, kisha vuta picha mpaka uone sampuli. Mlio wa pili utakuwa umesogea kulia. Tuseme umesogea sampuli 1,323: gawa kwa 44,100, ni milisekunde 30. Andika -30. Rudia, milio miwili sasa inalaliana, na mimi kila nikiiona hiyo nafurahi kama mtoto.

Ukibadilisha ukubwa wa subirio, pima tena. Hedifoni za Bluetooth ziweke kando, na usichanganye maikrofoni ya USB na kadi nyingine, kwa sababu saa zao mbili hazitembei pamoja.