Punda Akiharibiwa Meno, Tushitaki Wapi?

Jamaa yangu wa Navakholo, Kakamega, aliniuliza: aliyemtupia punda wake meno kamjeruhi, amshitaki wapi? Swali hilo ni letu pia, hasa ndugu zetu wa Lamu.

Meno ya punda huendelea kuota karibu maisha yote. Kingo zikichongoka hukata ulimi na mashavu, mnyama akashindwa kula. Hupigwa tupa, lakini na mjuzi.

Kwa sheria ya 2011, madaktari wa mifugo na wasaidizi wao husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya. Kwanza ulizia leseni. Ukidhulumiwa, iandikie Bodi: tarehe, jina, dawa, risiti, picha. Haki ni kusikiza pande mbili. Kosa likithibitika, Bodi yaweza kumsimamisha au kumfuta daftarini. Asiye na leseni, karipoti polisi.

Ukinyamaza, kesho ataumizwa punda wa jirani.