Ushairi wa Watoto na Picha za Wanyama

Mwaka 2012 ulichapishwa nchini Marekani mkusanyiko wa mashairi 200 ya watoto kuhusu wanyama, uliohaririwa na J. Patrick Lewis na kuambatanishwa na picha za kamera. Mwaka 2015 ulifuata mwingine kuhusu maumbile. Mpango huu wazusha swali la kifasihi: je, picha hulisaidia shairi, au hulinyang'anya kazi yake?

Picha hudhihirisha, fumbo huficha. Katika kitendawili, mtegaji hutaja sifa akalisitiri jina, na mtoto hufikiri kabla ya kutegua. Picha ya kinyonga ikiwekwa kando ya fumbo la kinyonga, jibu limekwisha tolewa. Hata hivyo, picha hunasa nukta moja tu ya wakati, wala haina sauti. Mwendo wa kinyonga, kugeuka kwake rangi na mlio wa ndege huachiwa shairi, kwa mizani, takriri na tanakali za sauti.

Kwa hiyo, mtungaji wa Kiswahili atakayeifuata njia hii hana budi kuacha kueleza yanayoonekana. Shairi linaloorodhesha pembe na madoa huwa maelezo ya picha tu. Na penye fumbo, picha na ingojee ukurasa wa pili.