Mgonjwa Alilala Wapi? Joto la Miji ya Jangwani Lionekanavyo kwa Setilaiti

Mgonjwa anapoletwa akiwa na mwili wa moto na maneno yasiyoeleweka wakati wa hari kali, huwauliza ndugu zake alikunywa maji lini. Ni swali jema, lakini halitoshi. Inafaa kuuliza pia usiku uliotangulia alilala wapi. Umuhimu wa swali hili unadhihirika katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani, uliojengwa ndani ya Jangwa la Sonora.

Mwaka 1950 mji huo ulikuwa na wakazi wapatao 107,000. Sensa ya 2020 ilihesabu zaidi ya milioni 1.6. Sehemu kubwa ya kutanuka huko imerekodiwa na setilaiti za Landsat, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 1972. Jani hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha miale ya infraredi iliyo karibu nao. Lami na saruji hazifanyi hivyo. Kwa tofauti hiyo mtafiti hutambua palipo na miti na palipojengwa, kisha hulinganisha picha za miaka mbalimbali. Kihisi kingine hupokea miale ya joto itokayo ardhini. Hesabu husahihishwa kwa kuzingatia mvuke uliomo angani na aina ya uso, kwa kuwa mchanga na lami zenye joto sawa hazitoi miale sawa.

Kinachopimwa hapo ni joto la uso wa ardhi, wala si la hewa tunayovuta. Alasiri ya kiangazi, hewa ya Phoenix ikiwa nyuzi 43 za Selsiasi, lami yaweza kupita nyuzi 65. Mtu aliyezimia juu yake huungua vibaya kwa muda mfupi, na mwenye kisukari aliyepoteza hisia za nyayo anaweza kuungua akitembea pekupeku bila kujua.

Lakini ramani hizi zina mtego. Landsat hupita asubuhi, yapata saa nne, na katika picha zake vitongoji vyenye bustani zinazomwagiliwa huonekana vya baridi kuliko jangwa tupu linalouzunguka mji. Msomaji mwenye haraka atahitimisha kwamba mji umelipoza jangwa. Usiku mambo hugeuka. Udongo mkavu wa jangwani hupoteza joto lake upesi chini ya anga lisilo na mawingu, ilhali saruji na lami huendelea kutoa joto zilizolihifadhi mchana kutwa, na viyoyozi huongeza lao barabarani. Vihisi vya MODIS, vinavyopima mchana na usiku, huonyesha mgeuko huo. Ila kila nukta ya picha zake za joto ina upana wa takriban kilomita moja, hivyo mtaa wa matajiri wenye miti na wa maskini usio na kivuli huweza kuchanganywa pamoja.

Kwa tabibu, usiku ndio wenye uzito. Kiangazi cha mwaka 2023 Phoenix ilipita nyuzi 43 kwa siku 31 mfululizo, na kwa siku 16 mfululizo hata usiku haikushuka chini ya nyuzi 32. Kaunti ya Maricopa, uliomo mji huo, ilithibitisha vifo 645 vilivyohusiana na joto mwaka huo. Karibu nusu ya waliokufa hawakuwa na makazi. Hewa inapokaribia joto la ngozi, mwili hubaki kutegemea jasho, na moyo husukuma damu kwa nguvu kwenda kwenye ngozi usiku kucha pasipo kupumzika. Wazee, wagonjwa wa moyo na wanaotumia dawa za kuongeza mkojo huelemewa mapema. Aliyechanganyikiwa apozwe papo hapo kwa maji baridi na upepo, huku usafiri ukitafutwa, parasetamoli haitamsaidia.

Wasomaji wetu wenye jamaa Muscat au Dubai wanaweza kuyatumia haya karibu kama yalivyo. Dar es Salaam haifanani nayo: imezungukwa na uoto, kwa hiyo mji huonekana wa moto kuliko viunga vyake hata mchana. Picha za Landsat hutolewa bure tangu 2008, na vyuo vyetu vinaweza kuzisoma. Anayewaletea wahudumu wa afya ramani ya namna hiyo aandike juu yake saa iliyopigwa, na aweke ya usiku kando ya ile ya mchana.