Kitabu cha Likizo Achague Mtoto

Likizo ndefu ya majira ya joto nchini Marekani huwarudisha nyuma katika kusoma watoto wengi wa familia maskini, kwani vitabu hubaki shuleni. Watafiti Richard Allington na Anne McGill-Franzen walijaribu dawa nyepesi huko Florida: watoto walipewa vitabu 12 walivyojichagulia, kila likizo, miaka 3 mfululizo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa waliwapita katika kusoma wenzao wasiopewa. Mzazi atauliza: je, mtoto akichagua vichekesho na habari za wanamuziki? Wengi walichagua hivyo hivyo, wakanufaika. Kitabu cha kulazimishwa husomwa tu mama akitazama. Na bei? Kitabu kama Hekaya za Abunuwasi, nakala moja tu, huzunguka nyumba nzima, babu akiwemo.