Kishindo cha Mashine ya Upepo: Namna ya Kuokoa Masikio ya Mafundi wa Uyole

Pale Uyole, mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kuelekea Tunduma na Zambia huachana na ile iteremkayo Tukuyu na Kyela hadi mpaka wa Malawi, ipo biashara moja isiyojua usiku wala mchana, nayo ni biashara ya magurudumu. Malori ya mafuta, ya saruji, ya mbolea na ya viazi hupita hapo bila kukatika, na kwa kuwa hapana lori lisilopata pancha, mafundi wamejipanga kandokando ya njia, na kila mmoja wao, awe na gereji kubwa ya matofali au banda la mabati tu, anayo kompresa yake, yaani ile mashine ya upepo. Ngurumo yake imezoeleka hata watu hawaihesabu tena kuwa ni adha. Mazoea hayo yasitulaghai, kwa kuwa sikio lililozoea kelele halikupata nguvu mpya. Aghalabu limekwisha kupoteza sehemu ya usikivu wake, na lililopotea halirudi.

Maarifa haya si ya jana. Mwaka 1700, katika mji wa Modena nchini Italia, tabibu Bernardino Ramazzini alitoa kitabu juu ya maradhi ya watu wa kazi mbalimbali, na humo akaeleza habari za wafua shaba wa Venice, ambao kwa kuigonga shaba kwa nyundo kutwa nzima masikio yao huumia, nao wakizeeka katika kazi hiyo huwa viziwi. Ramazzini aliona matokeo, walakini hakuweza kuona sababu yake ya ndani. Leo twajua ya kuwa sauti, ambayo ni mtikisiko wa hewa, huipiga ngoma ya sikio, ngoma ikavisukuma vifupa vitatu vidogo, navyo vikayatikisa maji yaliyomo ndani ya koklea, chombo kilichojipinda mithili ya konokono. Na humo ndimo zilimo seli zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 hivi katika kila sikio, ambazo kazi yake ni kuugeuza mtikisiko kuwa habari ya kupelekwa ubongoni. Mshindo mkali, au mshindo wa wastani uliodumu miaka, huvilaza vinyweleo hivyo na hatimaye huziua seli zenyewe. Ndege, na kuku ni miongoni mwao, huotesha seli nyingine mahali pa zilizokufa. Mwanadamu hakujaaliwa neema hiyo.

Tena maradhi haya huingia kwa siri. Hayaanzi na sauti nzito, bali huanza na zile nyembamba zinazotikisika kadiri ya mara 4000 kwa sekunde, na humo ndimo zilimo herufi kama s, f, sh na t. Basi fundi husikia vizuri mlio wa injini, husikia honi, husikia mtu akimwita. Ila mteja akisema fika yeye husikia shika, na mkewe akimwambia kata yeye husikia pata, naye hudhani ya kuwa watu wa siku hizi hawatamki maneno sawasawa. Dalili ya mapema zaidi ni ule mvumo wa masikio unaobaki jioni baada ya kazi, pamoja na kusikia kana kwamba mtu amezibwa pamba. Kesho yake mvumo huondoka na mtu akajiona mzima. Kila jioni ya namna hiyo ni onyo, na maonyo yakipuuzwa kwa miaka, huja siku mvumo usiondoke.

Wataalamu wa siha ya kazini wamekubaliana juu ya kipimo cha desibeli 85 kwa muda wa saa 8. Kupita hapo, kila desibeli 3 zinapoongezeka nguvu ya sauti huwa maradufu, hivyo muda wa salama hukatwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na ikifika 100 ni dakika 15 peke yake. Kompresa ya pistoni ya kawaida, kwa mtu aliye karibu nayo hatua moja, aghalabu hutoa kati ya desibeli 80 na 95, na mashine ya upepo ya kufungulia nati hupita 100. Asiye na chombo cha kupimia na afanye jaribio sahali: asimame na mwenzake umbali wa kunyoosha mkono, wazungumze, ikiwa wamelazimika kupaza sauti ili waelewane, basi kelele ya mahali hapo imekwisha kufika au kupita mpaka huo.

Sasa, fundi akiambiwa kwamba mashine yake inapiga kelele mno, jambo la kwanza analolifikiri ni kuizungushia kitu laini: vipande vya godoro, au zile trei za mayai zinazopigiliwa ukutani. Nasema kwa yakini ya kuwa huko ni kupoteza fedha na kualika moto. Kitu laini chepesi hupunguza mwangwi wa sauti nyembamba ndani ya chumba, lakini hakizuii sauti kupita kwenda upande wa pili. Na ngurumo ya kompresa ni nzito. Mashine yenye silinda mbili, inayozunguka mara 1000 kwa dakika, huvuta hewa mara 33 hivi kila sekunde, na wimbi la sauti ya namna hiyo lina urefu wa mita 10. Sponji ya unene wa vidole viwili mbele ya wimbi la mita 10 ni kana kwamba haipo. Fauka ya hayo, godoro na karatasi karibu na mashine yenye joto na mafuta ni kuni zinazongoja cheche.

Kabla ya kuzuia kelele yapasa kujua inatoka wapi, na aliyetazama vema ataona ya kuwa sehemu kubwa ya ngurumo ile hutoka kwenye tundu la kuvutia hewa, pale penye kichujio kidogo ubavuni mwa kichwa cha mashine. Kila pistoni inaposhuka hewa huvutwa kwa mkupuo, na kila mkupuo ni pigo. Dawa yake haina gharama kubwa: funga mpira mnene usiobonyea kwenye tundu hilo, upitishe ukutani hadi nje, na mwisho wake utie kichujio na uuelekeze chini, mbali na vumbi la barabara, moshi wa malori na mvuke wa rangi. Mpira huo usiwe mwembamba kuliko tundu lenyewe, la sivyo mashine itahema kwa taabu na kupata joto. Anayetaka kupata faida zaidi aweke katikati ya njia chombo kigumu chenye ujazo wa mara kadhaa kuliko silinda, hewa iingie upande mmoja na kutokea wa pili. Mapigo yakifika humo hutanuka na kupoteza makali, na hii ndiyo hikima ile ile ya sailensa ya gari, ambayo kila fundi wa Uyole amekwisha kuichomelea.

Mtikisiko ni habari nyingine. Pistoni ipandayo na kushuka haiachi mwili wa mashine utulie. Na mashine iliyokazwa kwa bolti juu ya zege hupeleka mtikisiko wake sakafuni, sakafu ikaupeleka ukutani, ukuta ukaupeleka kwenye mabati, na mabati, kwa upana wake, yakaugeuza kuwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Mafundi wengi wamelitambua jambo hili, ndiyo maana utaona vipande vya tairi chini ya miguu ya kompresa. Nia ni njema, ila tairi la lori lina nyaya za chuma ndani yake na ni gumu mno kwa mashine ya kilo mia moja, hivyo halibonyei, na mpira usiobonyea haukati mtikisiko. Kwa mashine inayozunguka mara 1000 kwa dakika, yafaa mpira ubonyee kadiri ya milimita 4 kwa uzito wa mashine peke yake. Kupima ni rahisi: chukua urefu kutoka sakafuni hadi kwenye mguu kabla mashine haijautua uzito wake, kisha baada. Usipoona tofauti, punguza upana wa vipande, kwa sababu mpira mpana na bapa hukataa kubonyea, ilhali vipande vidogo vilivyo virefu kidogo hulegea vema. Walakini visiwe laini hata mashine ikayumba na kutaka kuanguka. Wala si mpira wa kila ugumu ulio salama: ukiangukia kwenye mpigo ule ule wa mashine, hukuza mtikisiko badala ya kuupunguza, na hapo ndipo kompresa huanza kutembea sakafuni.

Kuna kosa linalobatilisha kazi hiyo yote. Fundi huweka mpira mzuri, kisha hupitisha bolti katikati yake na kuikaza mpaka mpira unabanwa kama jiwe; basi mtikisiko huuacha mpira na kushuka kwa njia ya bolti. Bolti na ivishwe mpira wake, nati ikazwe kwa kiasi tu. Kadhalika bomba la chuma litokalo kwenye tangi na kupigiliwa ukutani huupa mtikisiko daraja la kuvukia. Likatwe, na katikati yake itiwe futi chache za mpira wa upepo wenye uwezo wa kuhimili shinikizo la tangi. Bali lile bomba fupi litokalo kichwani mwa mashine kuingia tangini lisiguswe, kwa kuwa joto lake huunguza mpira. Kuhusu vitu vingine vinavyopiga kelele bure, yaani kinga ya mkanda iliyolegea, puli zisizonyooka na beringi zilizochakaa, sina la kuongeza ila kwamba kila fundi anavijua na aghalabu huviahirisha.

Yafanyikapo hayo ndipo ukuta huwa na maana, tena ukuta uzuiao sauti ni ukuta mzito. Katika nyanda hizi za juu matofali ya kuchoma si adimu. Kibanda cha matofali nyuma ya karakana, kilichopigwa lipu pande zote, hukata kelele kuliko sponji yoyote. Lakini tundu dogo hubomoa faida kubwa: uwazi wa sehemu moja ya mia ya ukuta hautaruhusu upungufu uzidi desibeli 20 hata ukuta uwe mnene namna gani. Na hewa ya kuipoza mashine lazima ipite, ama sivyo mota itaungua. Basi matundu ya hewa, la chini na la juu, yajengewe vijia vyenye kona mbili tatu, maana hewa hukunja kona bila taabu na sauti hupotea humo.

Wenyeji wa Uyole wana jambo lao ambalo mafundi wa pwani hawalipati. Mji huu uko karibu mita 1800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kimo hicho ni nyembamba kwa kadiri ya moja ya tano. Kila mvuto wa pistoni huleta hewa pungufu. Na ili kujaza tangi hadi shinikizo la baa 8, ambalo tairi za malori hulihitaji, kompresa ya Uyole hufanya kazi karibu robo zaidi ya ile iliyopo Dar es Salaam. Kwa hiyo kuziba mivujo huku kuna thamani zaidi kuliko kwingineko. Usiku, kazi ikiisha, jaza tangi, zima mashine, funga vifaa vyote, kisha utazame mshale wa geji. Ukishuka haraka, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo mpaka uone linapovimba. Dakika ambazo mashine imepumzika ni dakika ambazo sikio limepumzika, na umeme wa LUKU pia.

Mikono nayo ina hisa yake katika madhara haya. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton wa Marekani aliwachunguza wakata mawe wa Bedford, katika jimbo la Indiana, waliotumia nyundo za upepo, akawakuta wengi vidole vyao hugeuka vyeupe na kufa ganzi, hasa asubuhi za baridi. Anayezijua asubuhi za Juni na Julai za Uyole, ambapo fundi hushika mashine ya kufungulia nati ikiwa imelala nje katika baridi, na hewa itokayo humo ikimpuliza vidole, hatahitaji kuelezwa zaidi. Glavu kavu zenye joto, mapumziko baada ya kila gurudumu, na kuipokezana kazi kati ya fundi na wanagenzi wake husaidia. Sigara huzidisha, kwa kuwa hubana mishipa ya damu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, humpasa mwajiri kumlinda mfanyakazi na madhara ya kazi yake, kelele zikiwemo. Vizibo vya masikio ni vya mwisho katika kinga, si vya kwanza. Pamba ya kawaida haizuii kitu cha maana; vile vya sponji hufaa iwapo vimeviringishwa vikawa vyembamba, sikio likavutwa juu kwa mkono wa pili, kisha vikaingizwa ndani na kushikiliwa mpaka vitanuke. Kijana anayeanza ufundi na apimwe usikivu kwa daktari wa masikio katika wiki zake za mwanzo, kabla mashine haijamgusa, na cheti hicho akihifadhi. Kila mwaka apimwe tena na vipimo vilinganishwe kwenye zile sauti za mara 4000 kwa sekunde, kwa sababu pengo huonekana hapo miaka mingi kabla yeye mwenyewe hajalihisi, wakati bado upo wasaa wa kuhamisha kompresa nyuma ya ukuta.