Kibanda Hutaka Pedi Mbili

Mwenye kibanda cha gemu huko Mata, upande wa Taveta karibu na Ziwa Jipe, hana haja ya kuuliza ni gemu ipi yenye picha za kupendeza zaidi. Anataka ile itakayokalisha wateja wawili kwenye benchi moja, iishe upesi, na aliyeshindwa alipe na kumwachia mwenzake pedi. Ukiutazama kwa jicho hilo ushindani wa Sony, Microsoft na Nintendo, hesabu inabadilika kabisa.

Kwa miaka mingi kampuni hizo zimevutana kwa gemu ambazo kila moja huzifungia kwenye mashine yake. Ukitaka God of War, nunua PlayStation. Ukitaka Halo, Xbox. Mario ni wa Nintendo. Wengi wanaozilinganisha humpa Sony taji, kwa hadithi nzito kama The Last of Us ya 2013 na God of War ya 2018. Ni kazi za fahari, sibishi. Lakini zimetungwa kwa mtu mmoja aliyejifungia kwake siku nyingi, na mpya ya PS5 huuzwa hadi dola 70, yaani shilingi 9,000 na ushei. Kijana anayelipia nusu saa kibandani ndiyo kwanza anaonja. Kesho akirudi, mwingine keshaanza upya na kufuta pale alipokuwa amefika. Enzi za PS2 ilikuwa balaa zaidi: kadi ya kumbukumbu ilikuwa ya MB 8, na ni ya kibanda kizima.

Gemu ya PlayStation iliyovifaa vibanda kweli ni Tekken. Matoleo yake makuu ya nyumbani, tangu la kwanza hadi la tano, yalitoka kwa mashine za Sony tu. Xbox ilingoja Tekken 6 mwaka 2009. Pambano huisha kwa dakika chache. Alama za mraba na pembetatu zimefutika kwenye pedi kwa kusuguliwa na vidole gumba, na bado mgeni anayebonyeza ovyo na mpiganaji Eddy Gordo humwangusha fundi, benchi zima likalipuka kwa kelele.

Kulikuwa na nyingine iliyotuhusu zaidi. Mwaka 2001 ilitoka World Rally Championship, ya PS2 pekee, yenye mbio zote 14 za msimu ule, Safari Rally ikiwemo. Kenya ilipotolewa kwenye ratiba ya dunia baada ya 2002, gemu ya msimu wa 2003 nayo ikaja bila sisi. Hilo liliuma.

Microsoft ilianza vizuri. Halo ya 2001 iliruhusu watu wanne kugawana runinga moja. Ilipofika Halo 5 mwaka 2015, mgawanyo huo ukaondolewa, na kwa maoni yangu hapo ndipo walipoikata roho ya gemu yenyewe.

Ajabu ni kwamba Nintendo, ambaye ni nadra kumwona vibandani, ndiye aliyetengeneza gemu zinazofaa zaidi biashara hii. Switch huja na vishikio viwili vidogo, kila kimoja huweza kutumika kama pedi, ilhali PS5 huja na pedi moja. Mario Kart 8 Deluxe huchezwa na watu wanne kwenye skrini moja, na shindano moja huchukua dakika tatu hivi. Kinachomkwamisha ni kandanda: vijana wanataka gemu ya EA, ambayo hata si ya kampuni yoyote kati ya hizi tatu, na pedi waliyoizoea ni ya Sony.

Sasa kuta zinabomoka. Forza Horizon 5, iliyokuwa fahari ya Xbox, iliingia PS5 Aprili 2025, ila haigawi skrini. Oktoba mwaka huohuo Halo ya kwanza ilitangazwa kuundwa upya, PS5 ikiwemo, na waundaji wakaahidi kwamba wawili wataweza kuicheza kwenye runinga moja. Hiyo ndiyo ningemshauri mwenye kibanda aiwekee akiba.